Na Ila Zake Zote

Jumatatu, 7 Februari 1955

Nyumba tatu asubuhi, hakuna aliyenunua. Miguu inauma. Haji Vuai karudi tena kutoka Bwejuu, mara ya nne hii. Mkewe, Bi Mize, ana maradhi ya kifua. Daktari anamtaka hospitali kila wiki, na gari la shamba linammaliza. Wanataka nyumba mjini. Nimemwonyesha ya Bi Zuwena, huku Ng'ambo, nyuma ya Mlandege. Kiwanja cha watu, nyumba yake. Vyumba viwili, kisima karibu. Kaipenda. Kagonga kila mlango kwa ngumi; mtu wa shamba huyo, kwa mbao hadanganyiki.

Anasema atauza minazi aliyoachiwa na babake. Nimemwambia afanye haraka. Sisi madalali humwambia hivyo kila mtu.

Jumatano, 9 Februari

Watu wa Serikali wamepita mtaani na mnyororo wa kupimia. Nyumba zote za upande ule wameziandika nambari kwa rangi nyekundu. Ya Bi Zuwena imepata 31, kando ya dirisha. Nimemwuliza karani mmoja ninayemjua. Barabara, kasema. Zilizoandikwa zitavunjwa. Lini? Labda mwakani, labda isiwe kabisa. Ramani haijatiwa saini.

Hiyo "labda" nimeishika kwa mikono miwili.

Ijumaa, 11 Februari

Bi Zuwena kapaka chokaa ukuta wote wa mbele. "Mgeni asije akakuta nyumba chafu," kaniambia, wala hakunitazama. Nambari haionekani. Nimefurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 14 Februari

Nyumba imeuzwa. Mashahidi wawili, kahawa, haluwa. Nimesema maneno yetu ya siku zote, aliyokuwa akiyasema marehemu baba katika udalali wake: "Unanunua na ila zake zote, uzijuazo na usizozijua." Haji Vuai kaitazama ila moja, nguzo yenye mchwa, kacheka. "Nshaziona. Nimeridhika." Kumbe minazi kaiuza tangu juzi.

Maneno yale yananitosha. Miaka ishirini yamenitosha.

Alhamisi, 17 Februari

Baada ya alasiri nimemfuata sheikh wa msikiti wetu, nikampa habari ya "dalali mmoja". Kasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo dalali aliijua ile nambari?"

"Aliijua."

"Basi maneno yake hayamkingi. Ila ya nyumba unayoijua unaitaja, mnunuzi aisikie ndipo akubali. Ukiifunika, ana haki ya kuirudisha nyumba. Kamwambie, Khamis."

Khamis ni mimi. Nimerudi nyumbani na hasira, sijui za nani.

Jumamosi, 19 Februari

Joto. Sikwenda.

Jumatatu, 21 Februari

Nimekwenda. Bi Mize alikuwa mkekani anachagua mchele, kifua kinakoroma. "Karibu mwanangu. Mungu akuweke, umetupatia pa kukaa." Laiti angenitukana! Nimemwita mumewe nje, nikakwangua chokaa kwa kisu. 31 ikatoka, nyekundu vilevile. Nikamweleza yote.

Kaniuliza moja tu. "Siku ile ulijua?"

"Nilijua."

Akapangusa vumbi la chokaa dirishani kwa kiganja, taratibu, mpaka pakawa safi. Nimeona haya ambayo sijapata kuyaona tangu nizaliwe.

Bi Zuwena tumemkuta kwa bintiye. Kanitukana mpaka koo likamkauka. "Kweli kikulacho ki nguoni mwako! Umeuza kwa ulimi wako mwenyewe, leo wanigeuka?" Lakini fedha karudisha zote, huku analia. Na mimi nimerudisha ujira wangu wa udalali.

Alhamisi, 24 Februari

Nilidhani yamekwisha. Hayakwisha. Aliyenunua minazi hataki kuirudisha. Haji Vuai kamfuata na fedha mkononi, kajibiwa: "Minazi niliyonunua haina ila. Nikurudishie kwa lipi?" Na hakukosea. Sheria iliyoirudisha nyumba ndiyo hiyohiyo inayoizuia minazi.

Ningesema Alhamisi ile, siku moja tu baada ya nambari kuandikwa, minazi isingeuzwa. Neno moja. Najichukia.

Jumapili, 13 Machi

Bwejuu. Nimekwenda kwa gari la shamba, lile analopanda Bi Mize kila wiki. Mimi mzima, na mgongo umenivunjika.

Haji Vuai nimemkuta anafua nazi chini ya minazi aliyoipanda babake. Analipwa kwa siku; nyumba nyingine ya fedha zile hajaipata mjini. "Shikamoo." "Marahaba." Kanitolea kiti. Tumezungumza habari za mvua. Nyumba hakuitaja, nami sikuitaja. Bi Mize alikuwa ndani, kalala.

Jasho lilikuwa linanitiririka. Kanitazama. "Umetoka mbali, na hapa hujapata hata la kunywa. Ningoje."

Nilidhani atapanda mnazi ule uliokuwa mbele yetu. Hakupanda. Kanawa mikono, kavaa kofia, kashika njia kwenda kwa mwenye minazi, kumwomba ruhusa ya kumwangulia mgeni wake dafu moja.

Kachelewa kurudi. Kaliangua, kalichonga, kanipa kwa mikono miwili.

Nimelinywa lote.