Feni Kutoka Duka la Kina Rukia

Jumatatu, 2 Mei

Kompyuta imezima tena. Nilikuwa katikati ya kuchapa mtihani wa fiqhi wa Mwalimu Bakar wa chuo cha Kurani. Skrini ikawa nyeusi, basi. Nikangoja ipoe, nikaiwasha, nikaandika maswali mawili, ikazima. Nikaweka kiganja ubavuni mwa boksi. Moto kama birika.

Nimeifungua. Feni ya prosesa imekaa upande. Ina miguu minne ya plastiki inayoingia katika matundu manne ya ule ubao mkubwa. Miwili imevunjika. Haikuchakaa. Imevunjwa. Kaka Hamad aliifungua juzi kupangusa vumbi, mimi sipo. Miguu ile huzungushwa kwanza ndipo ivutwe. Yeye kaivuta kama anang'oa muhogo.

Namchukia kaka yangu. Nimeandika na sifuti.

Kompyuta hii niliiunga mwenyewe, kipande kwa kipande, tangu niko skuli. Nilipomaliza, Baba alinipa ukumbi wa mbele nichapishe kazi za watu mpaka Ramadhani. Kazi ikishika, nabaki. Isiposhika, nakwenda kisiwani Fundo kwa shangazi kufunga mwani. Shangazi ni mwema na mwani si aibu. Lakini mimi nataka hii.

Jumatano, 4 Mei

Hamad kaleta feni kutoka Chake Chake. Kanunua kwa mwenzetu wa chama. Siku hizi kila kitu lazima kitoke kwa mwenzetu. Sukari, mafuta ya taa, sanda. Tangu uchaguzi mtaa umekatika vipande viwili. Watu wa chama chetu hawaingii dukani kwa mtu wa chama chao, hawapandi gari yake, hawamzikii. Hamad ndiye mkubwa wa vijana wanaosimamia kususia. Anakaa barazani kutwa, anatazama nani kaingia wapi. Ndiyo kazi yake.

Hapa Wete feni kama yangu ipo kwa mtu mmoja tu ninayemjua. Mzee Kombo. Mtu wa chama chao.

Feni ya Hamad ni ya prosesa ya aina nyingine. Hushikwa kwa kibanio cha chuma huku na huku. Ubao wangu hauna pa kubania. Nikamwambia.

"Kwani inazunguka haizunguki?"

"Inazunguka."

"Basi wataka nini, ikuimbie?"

Kaifunga kwa waya wa kufungia nondo. Krimu ya kupitishia joto hakuleta, kapaka dawa ya meno. Eti krimu ni krimu.

Alhamisi, 5 Mei

Ukumbi mzima wanuka mnanaa. Imezima mara nne. Sijamaliza hata ukurasa.

Ijumaa, 6 Mei

Baada ya sala ya Ijumaa Mwalimu Bakar kamuuliza Baba habari ya mitihani. Baba kaja nayo nyumbani, hakuketi.

"Salma. Kazi ya watu."

Kabla sijajibu Hamad akadakia: "Mashine ishakufa hiyo, Baba. Iuzwe vyuma." Baba akasema basi atamwarifu shangazi. Mama akaendelea kuchambua mchele.

Sisemi kitu kamwe. Maneno yanafika kooni yanageuka. Skuli, mwalimu akiniuliza, Rukia ndiye aliyenisemea. "Mwalimu, Salma anajua, ngoja kidogo." Rukia ni binti wa Mzee Kombo. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Sasa tukikutana njiani yeye anatazama ukuta wa huku, mimi wa kule. Yeye ndiye anayekaa dukani kwa baba yake.

Jumamosi, 7 Mei

Nimeng'oa waya wa Hamad. Nimekwangua dawa ya meno kwa kitambaa. Nimekata kipande cha kartoni nikakiweka juu ya matundu manne, nikatoboa palepale. Feni yoyote ambayo miguu yake haiingii katika kartoni hii si yangu. Nimepima pia kina cha boksi kwa rula, kutoka prosesa mpaka kifuniko.

Hamad kanikuta. Kauliza nafanya mapambo? Nikaendelea kupima. Namchukia zaidi anapocheka.

Jumapili, 8 Mei

Nimekwenda.

Sikupita nyuma. Nyuma kuna mbwa wa watu na kuna uongo. Nilipita mbele ya baraza, Hamad hayupo, wenzake wapo. Waliacha kete zao tu wakanitazama mpaka kizingitini.

Duka tupu. Vumbi juu ya vioo. Rukia kakaa nyuma ya meza, kanenepa kidogo au ni lile baibui. Hakuinuka.

"Umepotea njia?"

Nikasema nataka feni ya prosesa. Sauti yangu ilitoka kama ya kuku.

"Nyie si mmetususia? Au leo joto limeshinda siasa?"

Nikaweka kartoni mezani. Akaitazama muda. Kisha akainuka akaleta mbili. Moja ndefu kama mnara, ina mabomba ya kung'aa na taa za rangi. "Chukua hii. Ndiyo wanayotaka wenye nazo." Nikaipima kwa rula. Inapita kifuniko, boksi halitafungika. Na panya wetu wanapenda boksi wazi. Ya pili fupi, haina taa, lakini nikaigeuza chini: katikati ya alumini kuna kitovu cha shaba. Shaba hunyonya joto upesi kuliko alumini. Miguu minne mizima. Nikaishusha juu ya kartoni. Ikaingia yote.

"Hii."

"Hiyo mbaya ya sura."

"Hii."

Akanipa na krimu, kijisindano kidogo. Nikamlipa pesa yangu ya uchapaji. Nikadhani imekwisha. Lakini aliinuka akanifuata mpaka barazani kwao, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia:

"Ahsante Bi Salma binti Faki! Karibu tena! Msalimie Hamad, mwambie mlango u wazi, naye aje, n'tampunguzia!"

Alikuwa anacheka. Macho yake hayakucheka. Nilitembea mpaka nyumbani shingo inawaka. Yeye naye namchukia.

Jumatatu, 9 Mei

Nimeifunga. Krimu kiasi cha punje ya choroko, katikati. Mguu mmoja mmoja, kwa mshazari, usikie tap. Nimeiwasha. Imekaa. Nimemaliza mtihani wa fiqhi, nimeanza wa tajwidi. Mkono ubavuni mwa boksi: baridi. Nililia kidogo. Kwa furaha, ndiyo.

Hamad kaingia magharibi. Hakuvua viatu.

"Umenivua nguo mbele ya watu. Mimi n'nawazuia watoto wa wenzangu, dada yangu yu kule anachagua!"

Nikasema: "Wewe ndiye uliyevunja."

Ndiyo maneno yote niliyopata. Akainua mkono, Mama akaita jina lake kutoka jikoni. Akashusha. Hajasema nami tena.

Jumatano, 11 Mei

Hakuja mtu.

Alhamisi, 12 Mei

Mtoto wa Mwalimu Bakar kaja kuchukua karatasi zake. Zote, hata zile ambazo sijachapa. Eti mitihani itachapwa Chake. Nikasema ya fiqhi tayari, ichukue. Akasema kaambiwa asichukue chochote kilichotoka katika mashine ile.

Maswali ya twahara na sala. Najisi kwa sababu ya feni.

Bi Time aliyetaka kadi za harusi ya mwanawe kapita mlangoni, kaharakisha. Mashine inafanya kazi vizuri kuliko siku yoyote. Haizimi. Inaningoja mimi na mimi nawangoja watu.

Jumamosi, 14 Mei

Baba kaniita. Kwanza nilidhani atapiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mimi nimekupa ukumbi, mwanangu. Sikukupa vita."

Nikamwambia, "Baba, feni ya Hamad haikuwa ya mashine hii." Kasema anajua. Kasema hata yeye sukari ya wenzetu wa Chake ina mchanga na anainywa. Kisha kasema mashua ya Fundo ni Alhamisi, nisiende mikono mitupu, nimchukulie shangazi kanga.

Kwa hiyo anajua. Hilo ndilo linaloniuma. Hamad ni mjinga, nitamsamehe siku moja au sitamsamehe. Baba anajua.

Jumanne, 17 Mei

Hodi asubuhi. Rukia. Kasimama mlangoni mchana kweupe, mtaa wote unamwona, karatasi mkononi.

"Sikuja kwa mapenzi," akasema. "Wa chama chetu wenye mashine wako Chake, nami nauli sina."

Nikaangalia nje. Vijana wa baraza wanatutazama. Nikamwambia apite.

Jumatano, 18 Mei

Niandike ya jana yote, kwa sababu kesho ni safari.

Alikaa kwenye mkeka, mbali nami, akageukia ukutani. Mama akaleta chai, kikombe kimoja, changu. Sikukinywa. Yeye hakukitazama.

Karatasi yake ilikuwa na mistari mitatu, mwandiko wa baba yake. Duka linauzwa. Pamoja na bidhaa zote. Muulize Mzee Kombo kabla ya mwisho wa mwezi.

Nikaisoma mara mbili. Nikataka kumuuliza watakwenda wapi. Maneno yakafika kooni. Safari hii hapakuwa na wa kunisemea.

Nikachapa. Ile feni haisikiki kabisa, tulisikia ndara za kila aliyepita nje, na kila aliyepita alipunguza mwendo. Karatasi ikatoka. Rukia akainuka akaja kusimama nyuma yangu, karibu, kama zamani tukisoma kitabu kimoja.

"Herufi ndogo," akasema. "Nani ataiona?"

Nikazikuza.

"Bado."

Nikazikuza tena, mpaka maneno mawili ya mwanzo, Duka linauzwa, yakajaza karatasi nzima. Akaichukua ikitoka katika printa, akaipulizia wino ukauke, akatoka nayo kaikunjua, mtaa wote uisome.