Naibu wa Mkoa Usiokuwepo

Jumanne, 4 Machi

Mama kaniuliza tena ni mwanamume gani huyo ninayecheka naye kwenye simu. Nikaona leo nimweleze yaishe. Ni mchezo, Mama. Watu tumejiundia nchi yetu mtandaoni, ina mikoa minne, bunge, waziri mkuu, kodi, hata migomo. Hakuna cha kweli humo ila maneno. Mimi ni gavana wa Kaskazini. Akaniangalia vile anavyoangaliaga nyanya zilizolala sokoni. Halafu akauliza kama sufuria zitaoshwa na mheshimiwa mwenyewe au na waziri wake.

Nimeosha.

Sikumwambia kwamba Kaskazini inakufa. Zamani tulikuwa wengi, siku hizi diwani anaingia mara moja kwa mwezi, kama mtu wa kliniki. Waziri Mkuu, anayejiita Chuma, anataka tuunganishwe na Mashariki. Na mkoa ukiunganishwa ukumbi wake unafungwa, yote yaliyoandikwa humo yanafutwa. Madiwani wetu na naibu wangu watapiga kura Jumapili ya wiki ijayo; kura zikilingana, mkoa unabaki.

Naibu wangu ananiambia nisikate tamaa. Tunamwita Kobe kwa sababu sentensi yake moja unaweza kuisubiri chai ikapoa. Lakini mkoa kaujenga yeye. Kila barabara kaipa jina. Kachora daraja, kapanga ratiba ya treni ambayo hakuna mtu atakayeipanda. Kila nikitaka kuacha, nasoma ile ratiba.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nzima maabara nimepanga kwenye nta meno ya bandia ya juu ya bibi mmoja. Daktari akaja, akayashika kwenye mwanga, akasema mtu wa umri ule hawezi kuwa na meno ya bibi harusi. Haya. Nikaanza upya. Vumbi la jasi mpaka kwenye kope.

Mchana nikafungua simu. Leo Kobe alikuwa na hotuba bungeni ya kututetea. Hakutokea. Chuma akauliza kama Naibu amejificha chini ya daraja lake, wakacheka. Nikawaambia ana dharura. Sijui kama anayo. Miaka yote hii tunaongea kila siku na jina lake halisi silijui.

Ijumaa, 7 Machi

Kimya. Nimemwandikia mara tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Ujumbe umeingia kutoka akaunti ya Kobe. Haraka sana kwa Kobe.

“Shikamoo. Mimi ni dada yake huyu mnayemwita Kobe. Samahani kama nimekosea mahali pa kuandika. Mdogo wangu alitutoka Jumatano, tumemzika juzi. Kwenye simu yake jina lako ndilo la kwanza.”

Nimeusoma chooni kazini, nimesimama. Mwenzangu wa chumba cha mashine akagonga kuuliza kama naumwa.

Dada akaendelea kuniandikia. Kumbe misuli ya Kobe ilikuwa inalegea tangu utotoni. Aliandika kwa kidole kimoja. Mwaka huu kidole nacho kikagoma, akawa anabonyeza kwa kijiti alichokishika kwa meno. Kwa meno. Na mimi kutwa nzima nashika meno ya watu.

Ratiba yote ile ya treni.

Jumanne, 11 Machi

Nimetangaza msiba bungeni, nikaomba kura isogezwe mbele. Kisha Chuma akasema anatoa pole, ila angependa kujua mbona vifo vya nchi hii vinakuja karibu na kura.

Shida ni kwamba ana haki ya kuuliza. Msimu uliopita seneta wa Kusini “alifariki” siku moja kabla ya kura ya kutokuwa na imani naye. Tukalia, tukashusha bendera. Wiki iliyofuata karudi na jina jipya na mzaha uleule.

Msimamizi wa mchezo, tunayemwita Bwana Kanuni, ametaka uthibitisho. Cheti cha kifo au picha ya kaburi. Bila hivyo Naibu anahesabiwa mtoro na kura haisogezwi.

Niende nikamwombe dada wa watu picha ya kaburi? Ili iweje, nimwoneshe Chuma?

Alhamisi, 13 Machi

Dada mtu kanipigia. Sauti imekauka kwa kulia. Anasema nyumbani walijua mdogo wao analala tu pale na simu yake anaangalia video. Akauliza, kwa aibu, alikuwa anafanya nini huko kwetu.

Nikamwambia alikuwa Naibu Gavana.

Akauliza tena, nikarudia. Nikamsikia anamwambia mtu pembeni. Ni baba yao. Mzee akataka kujua kachaguliwa na nani. Nikasema na mimi, na wananchi.

“Basi nisomee kitu alichoandika,” dada akasema.

Nikamsomea tangazo la kufungua daraja. Kuna mahali kaandika: daraja hili halina ngazi hata moja, na mtu asiyeweza kutembea atavuka wa kwanza. Niliwahi kubishana naye kuhusu zile ngazi. Nikarudi kuusoma mstari huo tangu mwanzo. Dada akaningoja nimalize.

Picha ya kaburi sikuomba. Nilimwambia tu kwamba Jumapili wanapiga kura ya kutufunga. Akaomba aingie kutazama, aone mahali mdogo wake alipokuwa. Nikasema karibu dada, ingia na akaunti yake, usome tu.

Jumamosi, 15 Machi

Madiwani wetu wawili wamehamia upande wa Mashariki. Wameahidiwa uwaziri. Uwaziri wa hewa, na bado watu wanauza wenzao. Sasa tunashindwa kwa kura moja, na hiyo moja ni ya Kobe.

Nimeanza kupiga picha maandishi yake yote kabla hayajafutwa. Simu imejaa sijafika hata nusu. Nikafuta picha zangu, ikajaa tena.

Mama kaniona sili. Nikamwambia nimefiwa na naibu wangu. Nilijua atacheka. Akavuta kiti akakaa, akauliza kama marehemu ameacha mama. Nikasema ana baba na dada. Akasema niwape pole zake. Sufuria kaosha yeye.

Jumapili, 16 Machi

Kura imefunguliwa baada ya chakula cha mchana. Naandika huku natazama simu. Tuko nyuma kwa moja, kama nilivyojua.

Jina la Kobe limewaka kwenye orodha ya walioingia. Kila mtu kaliona. Nilimkaribisha mwenyewe dada wa watu na sikufikiria kabisa kwamba na ukumbi mzima utaliona jina.

Chuma kawa wa kwanza. “Makofi kwa marehemu.” Ukumbi mzima ukalipuka. Wengine wameweka picha za majeneza yaliyofunguka. Mmoja wa wale waliohamia kaandika kwamba huko ahera mtandao una kasi. Huyu alijifunza mchezo kwa Kobe.

Bwana Kanuni katoa amri. Kama Naibu yu hai, apige kura sasa. Kama amekufa kweli, gavana aeleze nani yuko ndani ya akaunti yake, na kwa kuingiza mgeni mkoa unafutwa leo hii bila kura. Nikisema kweli, tumekwisha. Nikinyamaza, Kobe ni mwongo na mimi ni mwongo. Dada akibonyeza kura, Kaskazini inapona, na Kobe anabaki kichekesho cha nchi nzima.

Ujumbe wa faragha, kutoka kwa dada:

“Mdogo wangu, tuko hapa tunasoma, nimemshikia Baba simu. Hii ‘makofi kwa marehemu’ ni heshima ya huko kwenu? Baba anauliza na yeye apige?”

Nimeandika “Shikamoo, Baba.” Sijatuma. Chini yake sijui niweke nini. Bwana Kanuni amesema anangoja