Saa Moja na Nusu hadi Mbuji-Mayi

Papa mpendwa,

Siku ile pale stesheni ya Likasi ulifungua atlasi yangu ya shule, ukaweka rula kati ya Lubumbashi na Mbuji-Mayi. Ulipima mara mbili. "Kilometa karibu mia saba na nusu," ukasema. Ulizaliwa Likasi, ukazeekea kwenye kiwanda cha shaba, na huko Kasai, asili ya wazazi wako, walikotuambia wakubwa wa mkoa turudi "kwetu", hukuwahi kukanyaga. Mama, yeye ni Msanga, mwenyeji wa hapo, angeweza kubaki. Alikunja mikeka akakufuata.

Tulilala pale majuma mengi tukingoja treni. Watoto walikufa kwa kuhara, na maiti zao zikinyeshewa na mvua hakuna aliyeshangaa tena.

Kisha padri akapata nafasi moja katika ndege ya mizigo ya kwenda Mbuji-Mayi. Mume wangu alikuwa ametangulia huko kututafutia nyumba. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba.

"Umupe mama," nilikuambia.

"Weye iko na mimba. Utaenda. Miye na mama yako tutafwata na treni."

Ulinisindikiza hadi uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwenye lori la parokia. Ulimuuliza fundi wa ndege safari ni ya muda gani. "Saa moja na nusu, muzee." Ukacheka, kwa mara ya kwanza tangu watutoe nyumbani. "Mama yako hatakuwa hata amemaliza kupika bukari!"

Niliketi juu ya magunia, nimeshika kamba kwa mikono yote miwili, kwa hiyo sikukupungia.

Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimefika. Halafu nikangoja. Kila aliyetoka Mwene-Ditu, mahali pa kushukia treni, nilimuuliza habari zenu. Mtoto alizaliwa, tukampa jina lako. Ndipo Mama akafika, peke yake, akakaa chini kabla ya kunisalimu.

"Tulimuacha njiani," alisema.

Treni ilikuwa imeharibika porini, baada ya kupita mji wa Kamina, siku nyingi bila maji. Wanaume walikuchimbia kaburi kando ya reli. Hawakuwa wamemaliza kukufunika treni ilipopiga honi, watu wote wakakimbia kupanda. "Hata jina la pale sijue," Mama alisema.

Nimekukasirikia, Papa. Miaka yote hii. Ungenisikiliza mara moja tu, ningekuwa nawe pale porini.

Mwezi uliopita tulipanda ndege kurudi Lubumbashi, kwa sababu dada yake Mama yuko mahututi. Nilikaa dirishani niitafute reli, lakini chini kulikuwa na mawingu matupu. Mama alitoa rozari ndege ilipoinuka. Alipomaliza alianza upya, na tena. Nikamwambia apumzike.

"Sijue tunamupita papa yako saa gani," akasema. Akaendelea kusali mpaka magurudumu yakagusa chini.

Lala, Papa, popote ulipo.

Binti yako, mama wa mjukuu ambaye hukumwona