Jina la Sanga Ndani ya Handaki

Jumatano, 5 Februari 2025
Jedida, binti wa kaka yangu Sanga, kaja na mashine ya kunasa sauti. Ati chuo kimemtuma arekodi mwangwi wa handaki letu — lile la reli ya mkonge, lililokufa pamoja na shamba. Kaja kwangu. Angekwenda kwa nani! Nimemwambia enzi zangu niliita mle ndani, popo wakahama hadi Gede.

"Baba mdogo, mwaka jana ulisema walifika Magarini."

Basi wengine walifika Magarini!

Nimemfundisha sheria yetu. Reli moja, toroli za pande mbili. Kabla hujaingia, unaita jina lako. Likirudi lako peke yake, handaki tupu, pita. Ukisikia na jina la mwenzako, yuko mdomo wa pili, subiri. Mimi na Sanga, tukisukuma toroli za mkonge kila mmoja upande wake, hatukugongana hata siku moja.

Alhamisi, 6 Februari
Kumbe chuo ni kisingizio. Jedida kalia jikoni. Jumatatu Sanga anapasuliwa koo. Uvimbe. Sauti haitabaki. Mtoto anataka aibebe kabla, ikivuma mle handakini, kama alivyoisikia akiwa mdogo.

Nikamwambia hata mimi nilipasuliwa koo, jioni nikaimba arusini. Hakucheka. Nikaacha utani. Mimi!

Ijumaa, 7 Februari
Sanga kakubali. Ananong'ona tu sasa. Kasema, wewe Mwambire ulikuwa ukiita kwa woga, si kwa nguvu. Uongo mtupu! Lakini sikumbishia. Aseme. Aseme mpaka achoke.

Jumamosi, 8 Februari
Tumemleta kwa tuktuk hadi mdomo wa juu. Jedida kabaki naye na mashine. Mimi nimezunguka huku mdomo wa chini, magugu mpaka kiunoni.

Nimeita. Mwambireee! Limerudi — Mwambire... mbire... re.

Nikangoja. Nikaita tena, polepole, nimwachie nafasi. Langu tena. Peke yake.

Simu imelia, ujumbe wa Jedida. Ngoja baba mdogo, anajaribu, midomo inacheza.

Nimeita mara ya tatu. Sauti yangu imekatika katikati — vumbi hili.

Langu tu.

Sheria yasema handaki tupu, nipite. Sipiti! Nimekaa juu ya reli, nasubiri, kama mtu aliyejibiwa —