Walimkaribisha Mara Moja

Free Area, Nakuru
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako dada yangu mpendwa Chelimo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ile mitambo ya mvuke ya Olkaria haijawamaliza masikio. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji bado anapewa zamu za usiku? Mwambie nimesema mwanamume wa umri wake anafaa kulala kwake. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mvua imeanza kwa kusitasita, vumbi la mtaa limetulia kidogo, na bei ya unga wa ngano imepanda, ingawa haitakuzuia wewe kupika chapati, nakujua.

Utashangaa kuona barua na simu iko. Nyumba yetu unaijua, mtu akikohoa sebuleni anasikika chumbani, na haya ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema binti yetu Jepkemei akinisikia. Tena nikisikia sauti yako nitalia, na nikianza sitaweza kumaliza habari. Kwa hiyo nimempa shemeji yako Kipyegon akuletee mkononi anapopeleka dawa za ng'ombe Naivasha. Mpe chai, lakini usimwulize kitu. Haya mambo bado yanamuuma.

Unajua kwamba tangu Januari tunakaa na Abby, yule msichana Mmarekani aliyeletwa na mpango wa kubadilishana wanafunzi, mpango ule ule uliompeleka Jepkemei wetu kwao mwaka jana, baada ya kumaliza Form Four. Jepkemei aliporudishwa kabla ya Krismasi, kabla ya wakati wake, watu wa mpango walituuliza kama bado tungependa kumpokea mgeni. Kipyegon alitaka kukataa. Mimi nikasema tulishakubali, na ahadi ni deni. Nilikuambia wakati ule kwamba mtoto alirudishwa kwa sababu baridi ya huko ilimwingia kifuani. Hilo nitalirudia mbele, nivumilie.

Leo nashukuru kwamba Abby alikuja, maana ndiye mtu wa pekee katika nyumba hii anayeweza kumchekesha mtoto wangu. Wanalala chumba kimoja, nawasikia wakinong'ona mpaka wapitiwe na usingizi. Mimi nikimwuliza Jepkemei jambo, ananijibu, "Niko sawa, Mum," na mlango unafungwa hapo. Basi Bi Celestine, msimamizi wa mpango huo huku kwetu, alipopiga simu kusema atakuja kukagua nyumba, aone kama bado inafaa mwanafunzi kuishi, niliingiwa na hofu. Niliwaza kwamba akiingia amkute binti wa nyumba alivyokonda na kunyamaza, atasema hapa kuna matatizo, amhamishe Abby ampeleke kwa watu wa Milimani wenye bustani na maji ya moto. Na Abby akienda, Jepkemei atabaki na nani wa kumtoa neno?

Ungeona tulivyojiandaa, dada, ungecheka. Shemeji yako alipaka geti rangi ya buluu, akasahau kumwambia jirani, na Mama Tabby akaegemea na sweta lake la kanisa. Kipyegon alinunua king'ora cha moshi kwa sababu ni sharti la mpango, akakitundika karibu na jikoni. Kila nikikaanga kitunguu kinapiga kelele, mbwa anabweka, majirani wanatoka nje. Ikabidi nipikie uani kwa jiko la makaa, mimi mwenye gesi. Alitafuta na mtungi wa kuzimia moto, mwekundu, akauweka chini ya picha yetu ya harusi. Aliniambia, "Tutapita hii kitu hata wakikuja na mbwa wa polisi." Mimi nilifua mapazia, nikatandika vitambaa kwenye viti, nikaosha hata vyungu ambavyo havijatumika tangu mazishi ya mama.

Jioni nilimkalisha Abby tukafanya mazoezi ya maswali ambayo Bi Celestine huuliza. Kama ana kitanda chake. Kama mlango unafungika. Kama anakula pamoja na familia, na kama anaruhusiwa kufungua friji bila kuomba. Abby alikuwa anajibu huku anatafuna ndizi, akaniuliza kwa nini naogopa, na mimi nikamwambia siogopi.

Kitu kimoja nilichofanya hakichekeshi. Asubuhi ya ukaguzi nilimpa Jepkemei lile sweta kubwa la baba yake, nikamwambia alivae, kuna baridi. Jua lilikuwa linawaka. Aliniangalia tu, akalivaa. Kisha nikamwomba akae jikoni aangalie chai, asitoke sana. Alisema, "Sawa, Mum." Nilimficha mtoto wangu kama mtu anavyoficha sufuria yenye tundu wageni wakija. Neno hilo linaniuma hata ninapoliandika.

Bi Celestine alifika, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, wala hakuwa mtu wa kutisha nilivyodhani. Alizunguka nyumba, akakijaribu king'ora kikamziba masikio, akamsifu Kipyegon kwa geti. Akaenda na Abby chumbani wakazungumza peke yao, ndivyo sheria yao inavyotaka. Waliporudi sebuleni walikuwa wanacheka wote wawili. Bi Celestine alituambia nyumba imepita, na mimi nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Nikamkaribisha chakula. Alisema ameshiba, ametoka kula. Nikamkaribisha tena, akasema asijisumbue mtu. Nikamkaribisha mara ya tatu, akasema basi niwekee kidogo tu, na akala sahani nzima kama kawaida ya watu. Abby akaanza kucheka. Akasema hicho ndicho kilichomshangaza zaidi Kenya, kwamba wiki za kwanza alidhani sisi hatusikii, maana akisema hataki tunamwongezea, na hata Jepkemei hapa kwao hukataa chakula mpaka mama yake ambembeleze. Bi Celestine naye akacheka, akasema sisi sote ndivyo tulivyolelewa. Kisha akasema siku hizi huwa wanawaonya watoto wanaokwenda huko ng'ambo, kwa sababu huko watu hukaribisha mara moja. Ukisema hapana, wanaamini umesema hapana, na wanaondoa chakula. Kwao kukuamini ndiyo heshima.

Wakati huo Jepkemei alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Hatukuwa tumemwona. Alisema polepole, si kwa hasira, "Mimi nilikuwa nangojea waniulize tena."

 Kipyegon aliweka kikombe chini.

Sasa nirudi pale nilipokuacha. Nilikudanganya. Jepkemei hakuwa na ugonjwa wa kifua. Mtoto wetu alianguka darasani kwa njaa. Alilazwa, na madaktari wa huko wakaandika kwamba anakataa chakula kwa hiari yake, kwamba ni ugonjwa wa akili unaowapata wasichana, na ndipo mpango ukamrudisha kwetu. Niliona haya kukwambia. Nilijiuliza watu waliotuchangia na kanisa lililomwombea watasema nini, eti mtoto alipelekwa Marekani akakosa kula. Na sikuamini ile karatasi ya daktari. Niliamini kwamba wale waliompokea, Sue na mume wake Jeff, walikuwa wachoyo. Sue alinipigia simu akilia, akasema walimkaribisha kila siku na yeye alisema ameshiba kila siku. Nilimkatia simu. Nilisema moyoni, huyu mwanamke ni mwongo, nani hushiba kila siku?

Jepkemei aliketi kando ya Abby akatueleza, mara ya kwanza tangu arudi. Siku aliyofika alikuwa hajala kitu ndani ya ndege kwa woga. Sue alipakua nyama na viazi, akamwuliza kama atakula. Akasema hapana, asante, nimeshiba. Sue akasema sawa mpenzi, akarudisha sahani. Wao wakala, yeye akangoja. Kesho yake hivyo hivyo. Walimwambia friji ni yake, afungue wakati wowote, lakini ni mtoto gani wa kwetu anayefungua friji ya watu? Alikula chakula cha mchana cha shule, na siku zisizo za shule alikunywa maji. Baadaye alitaka kusema ndiyo, lakini akaona haya, kwamba watu waliokwisha kuzoea kuwa yeye hali jioni watamwona alikuwa anawadanganya. Na mwishowe, alisema, hata alipotaka kula chakula hakikupita tena. Tumbo lilikuwa limefunga.

Abby alikuwa amemshika mkono muda wote huo. Bi Celestine alijifuta macho, akasema laiti mtu angeliwaambia watoto wa kundi lao kabla hawajapanda ndege.

Lakini mimi nilimwambia, dada. Nilimwambia vizuri sana. Unakumbuka ule usiku wa kumuaga, ulipoleta mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu cha mama, tukanywa sote? Mlipotoka nilimkalisha kitandani nikampa mafunzo yote aliyotupa mama. Amka mapema. Tandika kitanda chako. Ukienda kwa watu, usionyeshe njaa. Ukikaribishwa, kataa kwanza, wakikupenda watakuuliza tena. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, na nilijiona mama mwenye busara.

Sitaki udhani namlaumu mama. Mama alitufunza kwa sababu tulikuwa wengi na sufuria za majirani zilikuwa ndogo. Kukataa kwetu kuliwaachia watu njia ya kutotoa wasichokuwa nacho. Ilikuwa huruma. Mimi ndiye niliyeifunga huruma hiyo kwenye sanduku nikamtuma nayo mtoto mahali ambapo haijulikani, tena kwa watu wenye chakula tele. Nimelia, nimeomba, Kipyegon ameniambia niache kujitesa, lakini yeye mwenyewe namkuta dukani kwake amesimama tu katikati ya chupa za dawa za ng'ombe.

Nimemwandikia Sue kuomba msamaha. Amenijibu kwamba laiti angelijua, angelimwuliza mpaka achoke. Watu wazuri, dada, na mimi niliwachafua mbele ya wamama wote wa chama chetu. Jumatano nitasimama niwasafishe.

Abby atabaki nasi hadi muda wake uishe, hilo limekwisha. Jepkemei tunampeleka kwa daktari hapa mjini, mama mtulivu, anasema tusiwe na haraka, mwili uliojifunza kukataa hujifunza kukubali polepole. Bado ni mwembamba mno. Nikiweka sahani mbele yake anasema, "Nimeshiba, asante," na mimi, mama yake niliyemzaa, sijui hiyo ni adabu au ni ugonjwa. Namwuliza tena na tena mpaka naogopa sauti yangu. Halafu Abby ananyoosha sahani yake na kusema kwa Kiswahili chake, "Mimi nataka mbili," nami naona mtoto wangu akimtazama kama mtu anayetazama mwenzake akivuka mto wenye maji mengi.

Kwa hiyo nina ombi moja. Njoo Pasaka. Na ukija, tafadhali dada, usinifanyie adabu. Nikisema karibu chakula, usiseme umekula njiani. Sema ndiyo mara ya kwanza, kabla sijamaliza kukaribisha, kisha omba chapati nyingine kama ulivyofanya ile siku kwa mke wa mchungaji, ukafinywa na mama kutoka pale mpaka nyumbani. Tulikucheka miaka yote kwa jambo hilo. Safari hii hakuna wa kukufinya. Nataka Jepkemei amwone mama yake mkubwa, mtu mzima, akisema mbele ya watu kwamba ana njaa, na asife kwa aibu. Labda akiona limetoka kwetu, si kwa mgeni, ataamini kwamba linaruhusiwa.

Nisalimie shemeji, na watoto wote uwabusu kwa niaba yangu. Kipyegon anakusalimu mwenyewe akiwa hapo mbele yako. Abby anauliza kama kweli kwenu maji huchemka ardhini bila moto, nimemwambia utamjibu. Jepkemei hajui kama nakuandikia, lakini jana alitaja jina lako bila kuulizwa.

Mungu akulinde njiani. Njoo na njaa.

Ni mimi mdogo wako,
Chepkurui