Baba Mkwe Nyuma ya Ukuta

Kyela, msimu wa mvua

Dada yangu Zuhura,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye matope. Mimi mdogo wako sijambo, malaria iliyonishika mwezi uliopita imeniachia, na wasiwasi wangu uko kwenu. Mgongo wa mama unaendeleaje? Na wewe na kaka Hamisi, bado mnapishana uani kama wapangaji? Mama ameniandikia kwamba tangu mgombane baada ya msiba wa baba hamjasemezana, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze. Nimehuzunika, dada, siwezi kukuficha.

Uliniuliza ni kazi gani hii ya ustawi wa jamii, kulipwa kusikiliza watu, wakati wenzangu wote, siku hizi biashara ni ruksa, wanafungua maduka. Ulinichekesha. Ngoja nikusimulie yaliyonikuta kata ya Bujonde, halafu uamue mwenyewe.

Huku sasa wanunuzi binafsi wa kokoa wanakuja na magari mpaka vijijini. Miti ambayo zamani hakuna aliyeijali leo inagombanisha ndugu. Yupo mjane mmoja, Mama Tumpe. Mumewe alipofariki, baba mkwe wake, Mzee Ambakisye, alimkataza kuchuma kokoa aliyoipanda pamoja na marehemu, akisema shamba ni la ukoo. Mama Tumpe hana kingine cha kumlishia mwanawe. Mvua inanyesha, matunda yanageuka meusi mitini, na wazee wa kijiji wanamwambia avumilie tu, amani ipatikane. Nilikasirika. Mtu aliyenyamazishwa hajakubali, amenyamaza tu.

Basi nikawaita wote wawili ofisi ya kata. Chuoni, kwenye somo la saikolojia, tulifundishwa kwamba waliokosana wakae uso kwa uso, kila mmoja aseme lililo moyoni na mwenzake amtazame. Nikapanga viti viwili vikitazamana, najiona fundi kweli. Mama Tumpe akaketi. Mzee alipofika mlangoni na kumwona, aligeuka pale pale akaenda zake. Mama Tumpe naye akajifunika kanga usoni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikaona wote wana kiburi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, lakini alikohoa tu na kutazama dari, maana watu wa huku hawapendi kumwaibisha mgeni.

Kesho yake nikaenda kwa Mama Tumpe. Nikamsalimia kwa "ugonile" yangu ya kubahatisha, nikamuuliza nimekosea wapi. Akacheka, na jirani yake aliniambia baadaye kwamba hakuwa amecheka tangu msiba.

"Bwana Idi, ulitaka nitazamane na baba mkwe? Kwetu mke wa mtoto hakutani na mkwewe. Nikimwona njiani naingia migombani mpaka apite. Ndiyo heshima yenyewe."

"Sasa atakusikiaje?"

Akafikiri kidogo. "Mimi nitasema na wewe, humu ndani. Yeye akiwa nje, masikio anayo."

Ndivyo tulivyofanya. Mzee akawekewa kigoda nyuma ya ukuta, karibu na ng'ombe wa marehemu, mwenyekiti akakaa naye. Ndani, Mama Tumpe akaniambia mimi, kwa sauti ya kumfikia mwingine, jinsi yeye alivyochimba mashimo na mumewe akapanda, na kwamba akipogoa ile miti anamsikia marehemu akimtania. Hana nia ya kuolewa kwingine. Anataka amlee Tumpe palepale.

Kisha tukamsikia mzee huko nje akisema na ng'ombe.

"Sikujua kama na yeye bado anamlilia. Niliona ataiuza ile miti, halafu jina la mwanangu libaki wapi? Basi achume. Achume yote, ni yake. Mimi nitakuja kukaa chini ya ile miti, basi."

Mama Tumpe akalia. Mimi pia nililia, ila usimwambie shemeji. "Ndaga fijo," akasema, asante sana kwa lugha yao. Alinitazama mimi, lakini shukrani ile haikuwa yangu.

Jioni ile mwenyekiti akawatangazia wazee kwamba kokoa ni ya mjane, na hakuna aliyebisha. Siku hizi mzee akienda shambani anakohoa toka mbali ili mkwewe apishe njia, na chini ya mti anakuta ndizi za kuchoma zimeachwa juu ya jani. Hawajatazamana hata leo, na wamepatana kabisa.

Msalimie mama yetu, mwambie asinyanyue ndoo. Msalimie shemeji, na shangazi aliyenifundisha kusoma. Kaka Hamisi sitamtumia salamu safari hii, nimekuachia wewe. Asubuhi akiwa ananawa uani, nenda ukawape mbuzi majani. Waambie mbuzi lile unaloniandikia mimi kila barua, kwamba nyumba imekuwa kubwa mno bila sauti yake. Ila useme kwa nguvu, dada.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Idi