Si Wewe Uliyeacha Geti Wazi

Thorncliffe Park, ghorofa ya 14,
Toronto, Kanada.
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Sabika,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia, na vumbi la Moshi halikusumbui kama mwaka jana. Watoto hawajambo? Shemeji amepona mgongo? Mimi namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Theluji bado, ila upepo wa hapa unakata masikio.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Maneno ya simu hupotea. Haya nataka uyashike mkononi, uwasomee wanao, kisha uyafungie kabatini. Kaa chini kabla hujaendelea.

Mwezi wa nane gari la kuwapeleka wazee hospitali lilinifuata kwa ajili ya goti. Dereva alinisikia naongea Kiswahili kwenye simu, akauliza ninatoka wapi. Nikamwambia Moshi, binti wa marehemu mzee Hyderali wa duka la vyombo. Sabika, tulikuwa kwenye taa za barabarani. Taa ikawaka kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, yeye bado ameshika usukani tu. Kisha akasema, "Mama, yule mbwa wa mzee nilimzika mimi."

Jina lake Evans. Mwaka ule wa 1998 alikuwa mlinzi wa nyumba ya jirani, kijana mwembamba. Wewe utamkumbuka kuliko mimi, kwani mimi nilikuwa nimeolewa Dar, nikaja msibani kwa Baba tu na kurudi.

Basi jua hivi. Jemadari, mbwa wa Baba, hakutoroka. Kaka yetu Mehboob alimpa nyama yenye sumu.

Nimeandika sentensi hiyo nikaenda kunawa uso. Sasa naendelea.

Unakumbuka Baba alipofariki, Jemadari alivyokuwa akilala kwenye geti la makaburini mchana kutwa? Hakuwahi kuingia ndani ya nyumba yetu hata siku moja, Mama asingekubali mbwa ndani, na Baba alibadilisha kanzu kabla ya kila sala kwa ajili yake. Lakini msikitini mbwa alimsindikiza Baba, akamngoja ng'ambo ya barabara mpaka atoke. Baada ya mazishi alikuja nyumbani kula tu. Siku Kaka alipokwenda kufungua stoo ya Baba atoe vitu, akamkuta amelala mlangoni. Kaka akamsukuma kwa mguu. Jemadari akamng'ata mkono. Lile kovu alilotuambia ni la waya wa uzio, silo la waya.

Kesho yake asubuhi akampa ile nyama, akamwita Evans achimbe, akamwambia akifungua mdomo atamsingizia wizi. Mchana akaja mbele ya wageni wa arobaini akakuuliza nani alifunga geti mara ya mwisho. Ukasema ni wewe. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Akakupiga kofi.

Mama alikufa akiamini ulimwacha mbwa wa mumewe apotee kwa uzembe. Nami nakuomba radhi hapa, kwa mwandiko wangu: hata mimi nilikuita "Sabika wa geti". Nilicheka na wenzangu. Miaka ishirini na sita.

Ningeweza kumpigia Kaka siku ile ile nimtukane. Sikufanya hivyo. Nilikaa na jambo hili miezi mitatu, nikilipika kwa moto mdogo.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Kuna sinema mpya ya familia, ya mbwa wa seremala mzee. Seremala anapelekwa mji mwingine na wanawe, mbwa anatembea majira yote ya baridi kumfuata. Nikamwambia Kaka, "Njoo na mjukuu wako Hawra, nawaalika." Alifurahi, kwa sababu mimi hualika mara chache. Jumamosi ya tarehe tisa, saa saba mchana, tukakaa watatu, bisi mapajani mwa Hawra.

Kaka alilia, Sabika. Alilia mpaka akavua miwani. Mbwa alipofika na miguu imechanika, Kaka akashika mkono wa mtoto. Mimi nilikuwa nikimtazama yeye zaidi ya sinema. Nilitaka moyo wake ulainike kabla sijauchoma.

Tukitoka akamwambia Hawra, "Hata sisi tulikuwa na mbwa kama huyu. Bibi yako Sabika akaacha geti wazi, basi." Akatikisa kichwa kwa huruma. Kama nilikuwa na chembe ya kusita, ilianguka pale pale kwenye ngazi.

Jioni ile ile alikuwa ametukaribisha chai kwake Thornhill, kando ya Toronto. Nilimwambia nitakuja na mgeni kutoka Moshi. Wifi Mahjabeen alikaanga kababu na sambusa, mkate wa kumimina uko mezani, mwanawe Baqir na mkewe wapo. Evans akaingia na koti lake la kazi. Kaka hakumtambua. Akamuuliza Moshi sehemu gani.

"Nyumba ya jirani yako," Evans akamjibu. "Nilikuwa mlinzi."

Kikombe cha Kaka kilibaki hewani.

Nikasema, "Evans, mweleze Hawra habari za Jemadari. Babu yake ametoka kumlilia mbwa mwingine."

Evans alieleza polepole, bila kupaza sauti: nyama, shimo, na kofi ulilopigwa. Wifi akanikata jicho. "Kulsum, mambo ya mbwa, mbele ya mtoto?"

"Si ya mbwa, Wifi. Ni ya Sabika."

Kaka akacheka kicheko kikavu. "Huyu ni dereva. Anajua nini?"

"Nilichimba nyuma ya tangi la maji," Evans akasema. "Koleo ulinipa wewe. Ukanipa na shati lako la kijani nimfunike, kwa sababu lilikuwa na damu ya mkono wako."

Hapo ndipo kaka yetu, mtu anayesimamisha watu msikitini awape nasaha, alipopiga meza kwa kiganja. "Alining'ata! Mlitaka nifanye nini? Alining'ata!"

 Hawra anaelewa Kiswahili chote ingawa hujibu kwa Kiingereza. Safari hii alijibu kwa Kiswahili. Alisema, "Babu, ulimpiga Bibi Sabika." Akaweka sahani chini akaenda chumba kingine. Hajasema na babu yake tangu siku hiyo.

Nisikudanganye, nilifurahi. Nilikula kababu nne. Usiku goti halikuniuma.

Jumatano Kaka alinifuata hapa kwangu. Aliketi ukingoni mwa kochi kama mtu wa kuomba kazi. Alitaka nimwambie Hawra kwamba Evans alichanganya mambo. Sikumpa chai. Mimi, niliyelelewa na mama yule yule aliyewapa maji hata wauza mafagio, nilimwacha kaka yangu akae saa nzima na koo kavu.

Nikamwambia, "Mtoto atarudi ukimpigia Sabika, Hawra akisikiliza, na ukayasema yote kwa mdomo wako. Si kwangu. Kwake."

Akainama. Kisha akaniomba namba yako. Kaka yako wa tumbo moja hana namba yako! Nikaiandika kwenye karatasi, nikamfanya anisomee tarakimu moja moja mpaka mwisho. Alikosea mara mbili. Amezeeka, Sabika. Niliona hilo, na halikunipunguzia kitu. Labda siku moja litanipunguzia. Bado.

Atakupigia Jumapili tarehe mosi Desemba, saa kumi jioni kwenu. Barua hii anakuletea Evans mwenyewe, anasafiri wiki hii kuwaona wazazi wake Kibosho. Mkirimu vizuri. Ukitaka kwenda kuliona lile tangi, atakupeleka.

Nisalimie Shemeji, nisalimie Rehan na wadogo zake, na jirani yako Roshanara mwambie dawa yake ya goti nimeipaka yote. Mungu akuzidishie umri na akutie nguvu ya kusikia, maana nguvu ya kunyamaza umeitumia ya kutosha.

Neno la mwisho. Kaka akipiga, usimwambie "yamepita" kwa ajili ya adabu. Najua ulivyo. Mwache aseme. Akifika mwisho, mwambie laini ni mbaya, hukusikia vizuri, arudie tangu mwanzo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa deni la miaka mingi,
Kulsumbai